Macho mekundu kwa watoto wawili na kwa mama yao: je, ni ugonjwa mmoja na dawa moja?

Mama Mapacha

Habari zenu wote. Naomba ushauri wa wataalamu na wa yeyote aliyepitia jambo hili, kwa sababu kwa siku 12 sasa nyumba yangu imekuwa ya watu wanaofuta macho, nami nimefika mahali ambapo sijui tena kama ninatibu au ninaharibu.

Nina mapacha wa miaka sita. Wa kwanza alianza kwa mafua na koo kuuma, na baada ya siku mbili akaamka jicho la kulia likiwa jekundu, kope zimevimba na machozi yanatiririka ingawa halii. Asubuhi yake kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo hata akaniita kwa hofu akidhani haoni tena, ikanibidi nizilainishe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu hadi zikaachana. Siku ya tatu jicho la kushoto nalo likashikwa, na siku ya saba ugonjwa ukamwingia pacha mwenzake kwa mtindo uleule. Sikuwapa dawa yoyote zaidi ya kuwasafisha, na yule wa kwanza sasa amebakiza wekundu kidogo tu.

Shida ni mimi mwenyewe. Siku ya nane jicho langu la kushoto likawa jekundu, nikasema basi zamu yangu imefika. Kwenye kabati kulikuwa na kichupa cha matone alichoandikiwa baba mkwe miezi mitatu iliyopita alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na kwa kuwa kwenye boksi kulikuwa kumeandikwa kwamba ni dawa ya macho yenye antibiotiki, nikaanza kudondoshea mara nne kwa siku. Siku mbili za mwanzo wekundu ulipungua, nikafurahi. Tangu jana hali imegeuka, nahisi kama kuna chembe ya mchanga ambayo haitoki, na jicho la kulia halijashikwa kabisa.

Ninaomba kujua kama watoto nao wawekewe matone haya ili wapone haraka, kama mimi niendelee nayo au nibadilishe, na ni lini watoto wanaweza kurudi shuleni bila kuwaambukiza wenzao. Zaidi ya yote ningependa kuelewa mtu wa kawaida anatofautishaje jicho jekundu la kawaida na lile la kukimbilia hospitali.

Tabibu wa Macho

Dada yangu, pole sana kwa kuuguza na kuugua kwa wakati mmoja. Nimefanya kazi ya kutibu macho kwa miaka mingi, na kabla sijaeleza lolote jingine naomba kwanza usiweke tone lingine la dawa hiyo kwenye jicho lako, wala usiwaguse nayo watoto. Matone yanayotolewa baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho mara nyingi huwa na vitu viwili ndani ya kichupa kimoja: antibiotiki, na steroidi ya kutuliza uvimbe wa upasuaji. Soma boksi tena. Ukiona jina linaloanza na deksa, beta au predni, hiyo ni steroidi.

Nakuomba pia unijibu maswali manne. Je, mwanga unakuumiza? Je, ukifunika jicho zima na kutazama kwa lile jekundu pekee, baada ya kupepesa mara kadhaa, unaona sawasawa au kuna ukungu usioondoka? Je, ni maumivu ya kweli au ni muwasho tu? Na je, umewahi kutokwa na vile vidonda vya malengelenge pembeni mwa mdomo, ambavyo hujitokeza mtu akiwa na homa au amechoka sana?

Wakati unatafuta majibu, nizungumzie watoto, maana kwao picha iko wazi zaidi. Mafua na koo kuuma, kisha jicho moja, kisha la pili baada ya siku chache, machozi mengi kuliko usaha, halafu ndugu yake anafuata baada ya takriban wiki: hivyo ndivyo yanavyokwenda maambukizi ya utando wa jicho yanayosababishwa na virusi, hasa jamii ya virusi vya adeno, ambavyo ndivyo vinavyoongoza kwa kusababisha macho mekundu ya kuambukizana. Ukipapasa mbele ya sikio la upande wa jicho lililoanza unaweza kukuta kitezi kidogo kilichovimba na chenye kuuma kikibonyezwa, na hiyo ni dalili inayotusaidia sana. Antibiotiki haiui virusi, kwa hiyo kichupa chochote cha antibiotiki hakitafupisha ugonjwa wa watoto hata kwa siku moja. Kinachosaidia ni kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofungwa, machozi ya bandia yasiyo na dawa kama yapo, na subira, kwa sababu hali hii huchukua wiki moja hadi mbili, na wakati mwingine tatu.

Umeeleza kope kugandana asubuhi, na hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Watu huamini kwamba tongotongo ni ushahidi wa bakteria. Si lazima iwe hivyo, kwa kuwa hata machozi mazito ya maambukizi ya virusi hukauka usiku na kugandisha kope. Jambo la kutazama ni mchana: jicho lenye bakteria hutoa usaha mzito wa njano au kijani ambao ukiufuta hurudi tena, ilhali jicho lenye virusi hutoa majimaji. Hata yale ya bakteria, yakiwa mepesi, mara nyingi hupona yenyewe ndani ya wiki moja au siku 10, na matone kama ya kloramfenikoli hupunguza siku hizo kidogo na kupunguza kuambukiza wengine. Ukiona usaha mwingi kupindukia, unaojaa tena dakika chache baada ya kufutwa, na kope zimevimba kama zimepigwa, hilo ni jambo la dharura, kwa kuwa bakteria wa kisonono huweza kutoboa kioo cha mbele ya jicho kwa muda mfupi sana na tiba yake huhitaji sindano, si matone pekee.

Aina ya tatu si maambukizi kabisa, nayo ni mzio. Hapo macho yote mawili huwasha kwa pamoja, mtu hawezi kuacha kuyafikicha, mara nyingi na chafya juu yake. Kwa uzoefu wangu, mgonjwa akianza maelezo yake kwa neno «yananiwasha», nafikiria mzio kwanza.

Kuhusu shule, virusi hivi huambukiza kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, kwa kawaida hadi siku 10 au 14 tangu dalili zianze, na mtu aliyeambukizwa leo huweza kuugua baada ya siku 5 hadi 12. Nashauri watoto wabaki nyumbani mpaka machozi na tongotongo zikome, hata kama wekundu kidogo umebaki. Virusi vya adeno vina ukaidi wa pekee, maana vinaweza kuishi kwenye kitasa cha mlango au kwenye taulo kwa siku nyingi, na vitakasa mikono vya spiriti havivimudu vizuri kama sabuni na maji yanayotiririka. Kila mtoto awe na taulo yake na foronya yake, na anayemfuta mtoto anawe mikono kabla na baada ya kumfuta.

Milipuko ya macho mekundu si jambo geni. Mwaka 1969 ulizuka nchini Ghana mlipuko wa aina kali inayovujisha damu kwenye weupe wa jicho, na kwa kuwa ulikuwa mwaka ambao binadamu alitua mwezini, watu wakauita ugonjwa huo Apollo. Ulisababishwa na jamii nyingine kabisa ya virusi, si adeno, na ulienea katika nchi nyingi. Ninautaja kwa sababu hata jicho lililojaa damu namna ile kwa kawaida hupona lenyewe, huku jicho jekundu kidogo tu lenye maumivu likiweza kupoteza uwezo wa kuona. Ukali wa rangi haukuambii ukali wa ugonjwa.

Mama Mapacha

Asante sana, Tabibu. Nimesoma boksi, na jina la pili linaanza na deksa.

Nimejifunika jicho la kulia kama ulivyosema. Kwa jicho la kushoto maandishi ya kalenda iliyo ukutani nayaona kama yamefunikwa na mvuke, na nikipepesa hayasafiki. Mwanga unaniumiza kweli; tangu jana nimefunga mapazia na nilidhani ni uchovu tu. Maumivu yapo, si makali, lakini yako ndani na hayaishi. Vidonda vya mdomoni huwa navipata karibu kila mwaka, na mwezi uliopita nilikuwa nacho kimoja. Sikuwahi kufikiri kwamba vina uhusiano wowote na macho.

Tabibu wa Macho

Dada, nenda kwa daktari wa macho leo. Usisubiri kesho. Kichupa hicho ukibebe mkononi, na umweleze daktari umekitumia kwa siku ngapi na mara ngapi kwa siku.

Sina uwezo wa kusema una ugonjwa gani bila kuliona jicho, na mtu yeyote atakayekuambia kwa maandishi kwamba anajua, usimsikilize. Ila mambo uliyonitajia, yaani jicho moja pekee, mwanga kuumiza, ukungu usioondoka kwa kupepesa, historia ya malengelenge ya mdomoni, na nafuu ya siku mbili iliyofuatwa na kuzidiwa baada ya steroidi, yananifanya nihofie kwamba tatizo halipo kwenye utando unaofunika weupe wa jicho kama la watoto, bali kwenye konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Virusi vya herpesi, vile vile vinavyoleta malengelenge ya mdomo, hujificha ndani ya neva kwa miaka na huweza kushuka hadi kwenye konea na kuchimba kidonda. Wekundu wa jicho ni ishara kwamba mwili unapigana. Steroidi humnyang'anya askari silaha, jicho likawa jeupe kwa siku mbili huku virusi vikipanuka bila kizuizi.

Daktari ataweka tone la rangi ya fluoresini na kukutazama kwa mwanga wa buluu. Haiumi. Ikiwa kuna kidonda, sehemu iliyochubuka itang'aa kijani, na kidonda cha herpesi mara nyingi huonekana kama kijitawi cha mti chenye vifundo kwenye ncha zake. Tafadhali turudishie habari.

Babu Mkulima

Mwanangu, nimesoma nikasita kuandika, lakini naona niseme. Jicho langu la kulia lina doa jeupe katikati, mfano wa punje ndogo ya mchele iliyobandikwa kwenye kioo, na kwa jicho hilo ninaona kivuli cha mkono wangu tu.

Nilipigwa na jani kavu nikiwa shambani. Lilikuwa jambo la sekunde moja, machozi yakatoka, nikaendelea na kazi hadi jioni. Siku ya pili jicho likawa jekundu, na jirani mwenye nia njema akanikamulia majimaji ya majani akisema yanasafisha. Yalinichoma kisha yakaleta ubaridi, nikaona yanafaa. Baadaye nikanunua matone bila kuandikiwa, nayo yakaniletea ile nafuu ya siku mbili unayoisimulia wewe. Nilipofika hospitali ilikuwa wiki ya tatu, na daktari akaniambia kwamba kuvu waliokuwa kwenye jani walikuwa wameingia ndani ya konea, kwamba antibiotiki nilizotumia hazikuwagusa, na kwamba ndani ya zile dawa kulikuwa na steroidi iliyowalisha. Nilidondoshewa dawa ya kuvu kila saa, mchana na usiku, kwa siku nyingi. Jicho lilibaki mahali pake, lakini doa halikuondoka.

Jirani yangu simlaumu, kwani alitaka kunisaidia. Ninachotaka vijana wanaofanya kazi shambani au kwenye useremala wajue ni kwamba jicho likiguswa na jani, mti au chuma halafu siku ya pili likawa jekundu na linauma, hilo haliitwi macho mekundu hata kidogo. Hilo ni jeraha, na jeraha la jicho halisubiri wiki.

Mfamasia wa Zamu

Babu, pole, na asante kwa kutuandikia. Mimi hukaa upande wa pili wa dirisha la dawa, na ninakiri kwamba kila siku huja mtu na kichupa kitupu akisema «nipe kama hiki», bila hata kujua kiliandikwa kwa ajili ya jicho la nani. Nimejizoeza kuuliza kwanza, ingawa wengine hukasirika.

Niongeze mambo ya matumizi, kwa sababu hata dawa sahihi huharibika mikononi mwa anayeitumia. Matone ya macho yakishafunguliwa, mengi hutupwa baada ya siku 28, hata kama tarehe iliyo kwenye boksi iko mbali, kwa kuwa tarehe ile ni ya kichupa ambacho hakijafunguliwa. Kichupa cha miezi mitatu, kama hicho cha mzee, kinaweza kuwa chenyewe ni makazi ya bakteria. Mimi huwaambia wagonjwa waandike siku ya kufungua kwa kalamu kwenye lebo hapohapo dirishani, mbele yangu.

Namna ya kudondoshea ni hivi: nawa mikono, inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini kwa kidole ili upate kimfuko kidogo, tazama juu, kisha dondosha tone moja ndani ya kimfuko hicho bila ncha ya kichupa kugusa kope wala nywele zake. Tone moja linatosha kabisa. Nafasi iliyopo kati ya kope na jicho haiwezi kubeba hata tone moja zima la vichupa vingi, kwa hiyo la pili na la tatu huishia shavuni na kumaliza dawa bure. Baada ya hapo funga jicho taratibu bila kulikaza, na ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isishuke kupitia mfereji wa machozi hadi kooni; ule uchungu watu wanaouonja mdomoni dakika chache baadaye unatoka huko. Ukiwa na dawa mbili tofauti, acha dakika tano kati yake, na ikiwa moja ni marhamu, hiyo iwe ya mwisho.

Kwa mtoto anayekataa kufungua macho, mlaze chali, mwambie ayafumbe, dondosha tone kwenye kona ya ndani karibu na pua, kisha mwambie afumbue. Litaingia lenyewe. Mbinu hii imenifaa kwa wanangu mwenyewe nikiwa peke yangu nyumbani.

Na anayevaa lenzi za kuwekwa juu ya jicho, akipata wekundu wowote azitoe mara moja na aonwe na daktari akiwa nazo mfukoni, kwenye kikebe chake. Kulala nazo, au kuziosha kwa maji ya bomba, hualika bakteria na amiba ambao hula konea, na amiba huyo ni miongoni mwa maambukizi magumu sana kuyatibu.

Msomaji Mgeni

Samahani kwa kuingilia. Dada yangu amejifungua siku nne zilizopita, na macho ya mtoto yameanza kutoa tongotongo za njano leo asubuhi, kope zimevimba. Wakubwa wa nyumbani wanasema tumdondoshee maziwa ya mama. Na mimi mwenyewe nina kivimbe chenye kuuma kwenye ukingo wa kope ya juu. Je, haya yanahusiana?

Tabibu wa Macho

Hayahusiani, na la mtoto ndilo la haraka. Mtoto mchanga aliye chini ya siku 28 mwenye macho yanayotoa usaha hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, bila kujaribu chochote nyumbani, maziwa ya mama yakiwemo. Wapo watoto ambao mfereji wao wa machozi haujafunguka vizuri, na hao hutokwa na tongotongo bila wekundu wala uvimbe, na wengi hupona wenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Lakini kope zilizovimba na usaha siku ya nne ni jambo lingine. Maambukizi ya kisonono anayoyapata mtoto wakati wa kuzaliwa huanza kuonekana kati ya siku ya pili na ya tano, na yale ya klamidia, bakteria wengine wa zinaa, kwa kawaida kati ya siku ya tano na ya 14. La kwanza linaweza kupofusha, la pili linaweza kuambatana na nimonia, na yote mawili hutibiwa kwa dawa zinazoingia mwilini, si matone peke yake. Mama na baba nao watapimwa na kutibiwa. Naomba jambo hilo lipokelewe bila lawama nyumbani, kwa kuwa mwanamke anaweza kuwa na maambukizi haya bila dalili hata moja.

Hii ndiyo sababu watoto katika nchi nyingi hupakwa marhamu ya antibiotiki machoni mara tu wanapozaliwa. Kabla ya miaka ya 1880, ugonjwa huu ulijaza shule za wasioona barani Ulaya, hadi mkunga-daktari mmoja wa mji wa Leipzig, Carl Credé, alipoanza kuwadondoshea watoto wote tone la nitrati ya fedha na idadi ya wagonjwa ikashuka sana. Siku hizi marhamu ya tetrasaiklini au ya erithromaisini imechukua nafasi ya dawa ile. Muulize dada yako kama mtoto alipakwa. Hata kama alipakwa, aende.

Kivimbe chako kinaonekana kuwa chokea, yaani tezi ndogo iliyo kwenye mzizi wa unywele wa kope imeziba na kuingia bakteria. Kandamiza kitambaa safi cha maji ya moto unayoweza kuvumilia, kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu hadi tano kwa siku. Usiitumbue. Nyingi hufunguka zenyewe ndani ya wiki moja hivi. Uvimbe ukienea kope nzima, ukapata homa, jicho likaanza kutokeza mbele au likauma unapoligeuza, hapo maambukizi yanaingia nyuma ya jicho na ni dharura, hasa kwa watoto.

Mwalimu wa Darasa la Pili

Ninafuatilia kwa makini kwa sababu darasani kwangu kila mwaka nina watoto wenye macho mekundu yasiyokwisha, yanapoa na kurudi, na nzi wanatua pembeni mwa kope. Je, hayo nayo ni virusi?

Tabibu wa Macho

Mwalimu, macho yanayorudi kuwa mekundu kila mara kwa watoto wengi wa mahali pamoja, pamoja na nzi na nyuso zisizooshwa, yanatufanya tufikirie trakoma, ambayo wengi huijua kama vikope. Husababishwa na bakteria wa klamidia, wa aina tofauti na wale wa watoto wachanga. Maambukizi mamoja si hatari sana. Hatari ni kurudiarudia, kwa sababu kila safari huacha kovu ndani ya kope ya juu, na baada ya miaka mingi makovu hayo huikunja kope ndani hadi nywele zake zikawa zinakwaruza konea kila mtu anapopepesa. Ndiyo sababu ya kuambukiza inayoongoza kwa upofu duniani, na hutibika kwa azithromaisini ya kumeza, ambayo hutolewa kwa jamii nzima kwa pamoja, maana kumtibu mtoto mmoja na kumrudisha katikati ya wenzake hakusaidii. Wajulishe wahudumu wa afya wa eneo lako waje wageuze kope za watoto na kuzitazama. Wakati huohuo, uso uliooshwa kwa maji kila asubuhi hauvutii nzi, na hilo unaweza kulianza kesho.

Mama Mapacha

Nimerudi, na ninaandika huku nikiwa nimefunika jicho moja.

Nilipokelewa jana alasiri. Daktari aliniweka ile rangi, akazima taa, akanitazama kwa mwanga wa buluu kupitia kile kifaa cha kuegemeza kidevu, akanyamaza kidogo, kisha akamwita mwanafunzi wake naye atazame. Alinionyesha picha aliyopiga: kijitawi cha kijani chenye matawi mawili, pembeni kidogo ya mboni, karibu kama Tabibu alivyokieleza. Ni herpesi. Ameniambia kwamba watoto wana virusi vya adeno kama ilivyodhaniwa hapa, kwa hiyo ndani ya nyumba moja na wiki moja tulikuwa na magonjwa mawili tofauti yenye sura moja.

Nimepewa marhamu ya asaikloviri, mara tano kwa siku, na nimeambiwa niendelee nayo kwa siku tatu baada ya kidonda kufunga, si kuiacha nitakapoona nafuu. Amesema kwamba kidonda bado ni cha juu juu na kwamba ana matumaini hakitaacha kovu kubwa, ila ugonjwa huu unaweza kurudi, na kuanzia sasa nikiona jicho hilo jekundu niende kuonwa hata kama haliumi. Kichupa cha baba mkwe amebaki nacho. Aliniuliza kama kuna kingine nyumbani, nikakumbuka kwamba kipo, nami leo asubuhi nimekitoa kabatini na kukirudisha kwenye duka la dawa wakiteketeze.

Mwanga bado unaniumiza, lakini usiku wa jana nililala. Nimetakiwa kurudi baada ya siku tatu ili kidonda kipimwe tena kwa rangi ileile, na nitawaandikia maandishi ya kalenda yatakapoanza kusomeka.